Kikasha Kimoja, Wenyewe Wawili

Nchi yangu ina jina zuri tu, ila kibali cha kulitaja kwenye maandishi kiko mezani kwa mtu, na mtu huyo yuko likizo. Basi tuseme nchi yetu, inatosha. Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine, nayo tunaiita Wale. Wale ni majirani zetu, tunawapenda sana, na kila wanachopata kinatuuma mpaka ndani ya mfupa. Wakijenga daraja, sisi tunajenga mawili, hata kama mto ni mmoja. Mwaka juzi mvua ilipowanyeshea mapema, Bunge letu lilikaa kutwa nzima likiulizana ni nani aliyewapa.

Siku moja Rais wetu akasoma gazetini kwamba Wale wameweka mfumo huria kwenye kompyuta za serikali yao. Mfumo huria, kwa asiyeujua, ni ule wa kuendeshea kompyuta ambao watu wa huku na huko wameutengeneza kwa kushirikiana, kisha wakauachia ulimwengu. Unauchukua bure, unauchungulia ndani, na ukitaka unaubadilisha, hakuna wa kukuuliza. Rais hakulala vizuri. Kesho yake akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi, kuanzia leo na sisi tutakuwa na mfumo huria. Na wetu utakuwa bure kuliko wa kwao!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hakuna aliyeuliza kitu kinakuwaje bure kuliko bure. Mimi nilipiga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu pembeni yangu alikuwepo Bi. Siwatu, naye alikuwa anapiga kwa nguvu.

Afadhali nimweleze Bi. Siwatu sasa hivi, kabla damu haijanichemka. Mimi naitwa Mbaruku, ni Mkuu wa Barua Zinazoingia katika Wizara ya Mawasiliano. Yeye ni Mkuu wa Barua Zinazotoka. Cheo chetu sawa, mshahara sawa, chumba kimoja, na mazulia yetu ni sawa, nilishayapima. Lakini kiti chake kinazunguka. Changu hakizunguki. Mtu akiingia, yeye anageuka nacho taratibu huku anatabasamu, na mimi lazima ninyanyuke mzima mzima. Niliandika barua kwa Katibu Mkuu kuomba kiti kinachozunguka. Barua ile, kwa kuwa ilikuwa inatoka, ilipitia kwake. Mpaka leo haijatoka.

Nilimwonea gere, nasema wazi, wala sioni haya. Aliyewahi kukaa mwaka mzima akisikiliza kiti cha mwenzake kikizunguka ndiye anihukumu.

*

Wakati huohuo Muungano wa Posta wa Kanda ukatangaza nafasi ya Mratibu Mkuu. Makao yake yako kwenye mji ulio kando ya ziwa, na kazi inakuja na nyumba. Nchi yetu iliruhusiwa waombaji wawili. Ni nani na nani, nadhani umeshajua.

Watu walidhani nautaka ukubwa tu. Haya, na ukubwa niliutaka, kwani mimi jiwe? Lakini lililonikosesha usingizi ni jambo jingine. Mimi na mke wangu Saada tunakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Asubuhi hadi jioni inanguruma, na vumbi la unga linaingia madirishani, linakaa kwenye vyombo, kwenye shuka, na zaidi ya yote kwenye kifua cha Saada. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Bwana Mbaruku, usihangaike tena na dawa. Mhamishe. Huyu anataka hewa." Kuhama kwenda wapi? Nyumba za kupanga mjini petu, mtu akihama leo, jirani ameshaingiza kitanda kabla hajatoa chake. Nyumba ya serikali ya cheo chetu ni moja tu, kule kilimani, na Bi. Siwatu alitangulia kuiingia. Kwa hiyo nikiipata kazi ile, Saada anapumua. Nikiikosa, anabaki na kifua chake.

Muungano ulisema jibu litakuja kwa barua pepe, kwenye anwani ya wizara. Atakayechaguliwa athibitishe ndani ya wiki moja, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

*

Sasa ule mfumo bure kuliko bure ulipofika, ukakutwa hauna programu ya barua pepe. Mwenye kompyuta anatakiwa achague mwenyewe kutoka kwenye ghala la programu. Mle ghalani zilikuwemo tatu: Kipanga, Tarishi na Mbayuwayu. Kwa Wale, nasikia, kila mtu alichagua aliyoipenda wakaenda kunywa chai. Kwetu iliundwa kamati.

Lazima uijue desturi yetu ndipo uelewe kikao kile. Kwetu hakuna anayechagua wa kwanza. Ukienda dukani ukanyoosha kidole kwenye kitenge, aliye nyuma yako atakitaka hichohicho, na huyo ana mjomba polisi. Kwenye harusi sinia la wali linapoa mbele za watu, kila mmoja anangoja aone mwenzake atachota upande gani, ndipo ajue nyama iko wapi.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Waziri wetu, Mheshimiwa Mwinchande.

"Wajumbe," alisema, "historia inatutazama. Nani anapendekeza?"

Wajumbe tukaitazama dari. Historia ikatutazama mpaka saa ya chakula, tukala, tukarudi, ikaendelea kututazama. Mjumbe mmoja alipiga chafya, wote tukageuka kumuuliza ana maana ipi kati ya zile tatu.

Jua lilipoanza kushuka Bi. Siwatu akasalimu amri. "Kwa maoni yangu madogo tu, Mheshimiwa, mimi naona Tarishi."

Loo! Papo hapo nikauona uzuri wa Tarishi ambao asubuhi sikuuona kabisa. Ina kalenda! Ina rangi ya samawati pembeni! Nilitaka kuinuka nipige kelele kwamba niliitaka mimi tangu jana. Lakini nikajikaza kisabuni. Nikatabasamu kwa huzuni, nikasema, "Sawa, Bi. Siwatu aichukue. Mimi nitajitolea kubaki na Kipanga."

Nikaona uso wake ukibadilika. Macho yakamtoka kuitazama Kipanga, na mdomo ukamcheza. Alikwishachelewa, Mheshimiwa alishagonga meza. Basi tukatoka kikaoni, yeye na Tarishi akiililia Kipanga, mimi na Kipanga nikiililia Tarishi. Kamati ikaandika kwamba muafaka umepatikana.

Likabaki suala la anwani. Mtu mmoja mmoja awe na ya kwake? Mheshimiwa alitikisa kichwa.

"Mkipewa kila mtu anwani yake, yupo atakayepata barua tano na yupo atakayepata mbili. Wizara itawaka moto. Anwani itakuwa moja, kikasha kimoja, na mfunguaji ni Bwana Mbaruku, maana barua zinaingia."

Roho yangu ikatulia. Kisha nikasikia kiti kikizunguka.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza tu," alisema Bi. Siwatu kwa ile sauti yake ya asali. "Mimi nikituma barua, na barua ikajibiwa, hilo jibu si barua yangu inarudi nyumbani? Mtoto akirudi kutoka shule, anapokelewa na mzazi au na jirani?"

Ebo! Wajumbe wakaguna kwa kukubali. Mheshimiwa akaamua wote wawili tufungue.

*

Siku ya kusakinisha, nilikuwa wa kwanza. Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika kama maelezo yalivyosema. Kompyuta ikaomba nywila ya mkuu. Nikaandika nywila yangu, maana mimi ni mkuu. Ikajibu kwa herufi nyeupe: "Wewe huna mamlaka juu ya mashine hii. Tukio hili litaripotiwa."

Bi. Siwatu akacheka puani. Mheshimiwa aliitwa, akasoma mara mbili, machozi yakamlengalenga.

"Hii imetengenezwa na nani? Huyu mtu lazima amewahi kufanya kazi kwetu! Na linaripotiwa kwa nani?"

Hakuna aliyejua. Akaamuru ifunguliwe ofisi ya kupokea ripoti hiyo. Ofisi ipo, ina mkurugenzi, mlinzi na birika la chai, na mpaka leo wanaingoja.

Mamlaka yakapatikana kwa waraka, Kipanga ikaingia. Tarishi ya Bi. Siwatu nayo ikagoma kidogo. Ikasema haiwezi kukaa bila programu nyingine inazozitegemea, ikataja majina yao mpaka yakajaza kioo.

"Nayo ina ukoo," alisema Mheshimiwa kwa kuridhika. "Wakaribisheni wote."

Halafu nikafika kwenye mipangilio. Pale palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa: "Acha nakala ya barua kwenye seva." Seva ndilo sanduku la posta la wizara, wote tunachota hapo. Ukiacha tiki, unachukua barua yako na nakala inabaki kwa wengine. Ukiondoa tiki, unachukua barua na mle ndani hakibaki hata kivuli chake. Tiki ilikuwepo tayari. Watengenezaji wa Kipanga, watu wa mbali wenye mioyo myeupe, walidhani kila mtu angependa hivyo.

Niache nakala? Nimwachie nani? Nikaiondoa.

Nyuma yangu kiti kikalia kwii, kikageuka, kikageuka tena. Dakika haikupita nikasikia na Bi. Siwatu naye anabofya.

*

Ndipo vita vikaanza. Barua ikiingia kwenye seva, atakayeiwahi ndiye mwenye nayo, na mwenzake hajui hata kama ilikuwepo. Mimi niliipanga Kipanga ikachungulie kila baada ya dakika kumi. Nikagundua barua zangu zimepungua. Kumbe mwenzangu ameweka tano. Nikaweka moja. Akaweka nusu. Baadaye tukaachana na mipangilio, tukawa tunabofya kwa mkono, "Leta barua, leta barua, leta barua," kuanzia tunapovua viatu mpaka tunapofunga mlango. Chai tulikunywa kwa mkono wa kushoto. Nilikwenda msalani siku moja tu, niliporudi nikamkuta anatabasamu, nikajua nimeibiwa.

Mheshimiwa akasikia sauti za kubofya ukutani, akaja kutazama. Alisimama kitambo, akitupa macho kwangu na kwake, na nikaona kabisa kwamba na yeye anaona gere. Wiki ileile akasakinishiwa Mbayuwayu kwenye kompyuta kubwa kuliko zetu.

Serikali ikaendelea vizuri. Ugeni kutoka nchi ya mbali uliandika kuomba kupokelewa. Barua ya tarehe ilichukuliwa na Bi. Siwatu, barua ya saa nikaichukua mimi. Wageni walikaa uwanja wa ndege wakapigwa na jua, wakaondoka na picha ya bango la "Karibuni". Wizara ya Kilimo iliuliza kama ipande au isipande. Swali lilikuwa kwangu na jibu lilikuwa kwake. Tulikuwa tukikutana mlangoni tunasalimiana kwa adabu.

"Bwana Mbaruku, hujambo? Huna ya Kilimo kweli?"

"Sina, Bi. Siwatu. Labda wewe ya Uwanja wa Ndege?"

"Wapi! Kwangu pakavu kabisa."

Siku moja, bila sababu yoyote, Bi. Siwatu akaniletea vitumbua. Vya moto, kwenye sahani yenye kifuniko. Akaniuliza Saada anaendeleaje na kifua, na nilipomwambia usiku alikohoa sana, akainamisha kichwa, akasema, "Mungu atamjalia." Wiki nzima aliniletea. Nilivila, na vilinichoma roho, kwa sababu vilikuwa vizuri. Mwanamke huyu ana kiti, na kumbe na mkono wa kupika anao!

*

Vitumbua vilikuwa havijaisha vizuri kinywani pale Kipanga yangu iliponasa barua ya Muungano wa Posta. Nikaifungua.

"Kwa Bi. Siwatu. Tunayo furaha kukuarifu kwamba nafasi ya Mratibu Mkuu ni yako. Tafadhali thibitisha ndani ya wiki moja."

Nilisoma jina lile nikitumaini macho yangu ni mabovu. Macho yalikuwa mazima. Yeye! Aende ziwani yeye, akakae kwenye baraza, akazunguke na kiti huku anapigwa upepo, na Saada wangu ameshika ukuta! Nilihisi kama nimemeza kaa la moto. Nyuma yangu kiti kilikuwa kinazunguka taratibu, kwii, kwii, mwenyewe akiimba chini chini.

Naomba ieleweke kwamba sikuifuta. Kufuta barua ya mtu ni ubaya, na mimi si mbaya. Niliihamishia tu kwenye folda nikaipa jina "Mvua za Masika", mahali ambapo mtu akiwa na shida nayo angeiona. Kesho yake nilimnunulia Bi. Siwatu karanga za kukaanga. Kesho kutwa nikamnunulia ndizi mbivu. Alishangaa sana, lakini alikula.

Nyumbani Saada aliniuliza kila jioni, "Baba Nunu, wameandika?"

"Bado," nilimjibu. Nilijua kwangu hawaandiki tena, lakini ningemwambiaje, akiwa amesimama hivi na kitambaa puani? Wiki ikapita.

*

Asubuhi moja Mheshimiwa akaita wizara nzima ukumbini. Mbayuwayu yake ilikuwa imenasa barua ya kwanza tangu isakinishwe, tena kutoka kwa Muungano wa Posta, na yeye hakutaka kuisoma peke yake. Alivaa suti. Alipanda jukwaani na karatasi aliyoichapisha, akasafisha koo.

"Wanangu, siku zote tuliambiwa hatuwezi. Leo dunia inatuandikia. Sikilizeni wenyewe!" Akaanza kusoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "'Mheshimiwa Waziri. Nafasi ya Mratibu Mkuu tulimpa kwanza Bwana Mbaruku, ambaye alishinda waombaji wote wa kanda...'"

Ukumbi ukalipuka makofi. Mheshimiwa akanyanyua mkono, akaendelea kusoma, na sauti ikaanza kumshuka ngazi moja moja.

"'...ila hakutujibu. Tukampa Bi. Siwatu, aliyekuwa wa pili. Naye hakutujibu. Kwa kuwa wizara ya mawasiliano imeshindwa kujibu barua, nafasi tumempa mwombaji wa tatu, kutoka nchi jirani.'"

"Wale!" watu walilia kwa pamoja, kama nyumba yenye msiba. "Mtume! Wale tena!"

Na mimi? Nitasema ukweli wangu. Sikusikia habari ya jirani wala sikusikia habari ya nafasi. Nilisikia neno moja tu: kwanza. Nilikuwa wa kwanza! Nimemshinda! Furaha ilinipanda nikasahau kwamba siendi popote. Nikamgeukia Bi. Siwatu ili anione vizuri. Alikuwa analia, machozi yanamchirizika mpaka kwenye mtandio.

"Wa pili?" alisema. "Walikuweka wewe mbele yangu? Nilipoiona barua yako nilidhani yangu iko njiani. Nilidhani wanachukua wawili, nikasema ngoja nitangulie mimi!"

Hapo akanitazama. Na mimi nikamtazama.

"Vitumbua," nilisema.

"Na karanga zako," alisema.

"Bi. Siwatu, kwa nini hukuacha nakala? Ungeacha nakala ningeiona!"

"Mimi najua nini mambo ya nakala?" alifoka, ukumbi mzima ukageuka. "Nilikuona wewe umeondoa tiki. Nikasema huyu hawezi kuondoa kitu bure, lazima kuna faida. Nikaondoa!"

Jukwaani Mheshimiwa alikuwa anamuuliza msaidizi wake Wale wanatumia programu gani. Akajibiwa kwamba kila mtu anatumia anayoitaka, na kila mtu ana anwani yake. Papo hapo akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu wizara itakuwa na anwani nyingi kuliko Wale, nyingi mno, hata kama watu wenyewe hawatoshi. Tukapiga makofi.

*

Nilikwenda nyumbani kichwa juu. Njiani nilimwambia muuza mkaa kwamba nilikuwa wa kwanza katika kanda nzima. Nikamwambia na fundi viatu. Mwenye mashine ya kusaga alizima injini makusudi anisikie, akanipa mkono.

Saada alikuwa anakung'uta shuka kwenye waya. Nikamsimulia yote, mwanzo hadi mwisho, na nilipofika penye neno kwanza nikalirudia mara mbili. Alipotaka kusema, kikohozi kikamkamata, akashika mlingoti wa waya mpaka kikapita.

"Baba Nunu, hiyo barua ya Bi. Siwatu ilikuwa kwako?"

"Ilikuwa kwangu. Lakini yangu si aliificha yeye? Yeye ndiye aliyeanza!"

"Nimesikia. Sasa nieleze. Wewe ulipoificha hukujua kama yako ipo. Ulijua ni yeye tu amechaguliwa."

"Ndiyo."

"Na zile nyumba za serikali kule kilimani, si ya kwake ni ile yenye miti? Angeondoka, angepewa nani?"

Wizara ina wakuu wawili tu wa ngazi ile. Mmoja akiondoka, nyumba inakwenda kwa aliyebaki, ndiyo kanuni, hata waraka wake nimewahi kuupokea. Kule kilimani hakuna mashine wala vumbi. Ilikuwa nibofye mara moja tu, barua imfikie mwenyewe, apakie vyombo vyake, nami niite mkokoteni. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo.

"Lakini angekwenda yeye, Mama Nunu," nilisema. "Angekwenda ziwani yeye!"

Saada akairudisha shuka kwenye waya.

"Angekwenda," alisema. "Na mimi ningepumua."